Kondishena ipi kwa nywele zipi: geuza chupa usome nyuma

Ingia duka lolote la vipodozi Kariakoo, au pita Dubois Road pale Nairobi, uulize kondishena ya nywele kavu. Muuzaji atakushushia chupa tano kwa mpigo. Zote zimeandikwa mbele kwamba ni za nywele kavu na zilizoharibika. Moja ina picha ya parachichi, nyingine kifuu cha nazi, nyingine dada mwenye nywele zinazong'aa kama sahani ya kioo. Zigeuze. Nyuma, kwenye zile herufi ndogo za kusomewa kwa tochi ya simu, utakuta baadhi yake ni watoto wa baba mmoja: maji, nta ya kulainisha, kiungo kimoja cha kung'ang'ania unywele, manukato, na tone la parachichi lililotiwa ili picha ya mbele isiwe uongo mtupu.

Hapa tunazipima aina za kondishena zinazopatikana madukani kwetu, chache kwa majina yake, tukiangalia zinamfaa nani na zinamkosea nani. Bei hatuzitaji kwa sababu hubadilika kila mzigo unapoingia, lakini namna ya kuzilinganisha tutaieleza.

Kilichomo ndani ya chupa

Sehemu kubwa ya kondishena ni maji. Kwa ile ya kusuuza, mara nyingi maji huzidi robo tatu ya chupa. Jina linalofuata karibu kila mara ni "cetyl alcohol", "cetearyl alcohol" au "stearyl alcohol". Neno hilo la alcohol limewatia watu hofu bure. Hizi ni nta laini nyeupe, na ndizo zinazoipa kondishena uzito na utelezi. Pombe ya kukimbia ni "alcohol denat." au "isopropyl alcohol" ukiikuta kati ya majina matano ya mwanzo, maana hiyo hukausha.

Kiungo cha tatu ndicho chenye kazi yenyewe. Unywele, hasa ulioungua au uliopitiwa na dawa, una chaji hasi. Kiungo hiki kina chaji chanya, kwa hiyo hunasa kwenye unywele na kubaki kidogo hata baada ya kusuuza. "Behentrimonium methosulfate" na "behentrimonium chloride" ndizo zinazoteleza zaidi, na ndizo za kutafuta kama nywele zako zinajifunga vifundo. "Cetrimonium chloride" ni nyepesi, inawafaa wenye unywele mwembamba. Kondishena isiyo na hata moja ya jamii hii, yenye mafuta na manukato tu, ni losheni iliyobadilishiwa jina.

Baada ya hapo huanza mapambo. Utaratibu wa lebo unaofuatwa na watengenezaji wengi ni kupanga viungo kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, ila vilivyo chini ya asilimia 1 hupangwa vyovyote. Basi tafuta neno "phenoxyethanol". Ni kihifadhi, na kwa sheria za Ulaya hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1. Kilichoandikwa nyuma yake kwa kawaida nacho hakifiki mbali. Kama parachichi, asali na shubiri vyote vimepanga foleni nyuma ya phenoxyethanol, umenunua picha. Protini peke yake tuiondoe kwenye hukumu hii, kwa kuwa hiyo hata ikiwa kiduchu huonekana kazini.

Jambo jingine lisiloandikwa mbele ni ukali wa asidi. Kondishena nyingi nzuri zina pH kati ya 3.5 na 5. Sabuni ya kipande iko kwenye 9 hadi 10, na dawa ya kunyoosha nywele hufika 12 hadi 14. Unywele ukikutana na kitu cha juu namna hiyo magamba yake ya nje husimama kama ya samaki aliyeparuliwa. Ukirudishiwa asidi kidogo hulala. Ndiyo maana anayeosha kichwa kwa sabuni ya kipande anahitaji kondishena kuliko anayetumia shampuu. Na kwa kuwa mada imefika hapo: maji baridi hayafungi magamba. Yanayoyalaza ni asidi na vile viungo vya chaji chanya. Suuza kwa maji ya uvuguvugu, usijitese asubuhi ya Juni.

Soma kichwa chako kwanza

Andre Walker, mtengeneza nywele wa Oprah Winfrey, ndiye aliyeeneza mpango wa kuzigawa nywele kuanzia 1, za singa, hadi 4, za kipilipili. Baadaye wengine wakaongeza herufi nyingine, ndipo tukapata "4C" inayotajwa kila saluni. Mpango huo unasaidia sana kuchagua mtindo. Kuchagua kondishena unasaidia nusu tu, kwa sababu madada wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa wote 4C, mmoja ana nywele asilia zinazokataa maji, mwingine amezipaka rangi na zinayanywa kama mchanga. Chupa ya mmoja itamwaibisha mwenzake.

Anza na unene wa unywele mmoja. Chukua uliodondoka, usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Usipousikia, ni mwembamba. Ukiusikia kama uzi wa cherehani, ni mnene. Watu huchanganya hili na wingi: mtu ana kichwa kilichojaa, anasema nywele zake ni nene, kumbe ni nyembamba ila ni nyingi. Huyo akipaka kondishena nzito zinalala na kunata.

Kisha angalia zinavyopokea maji. Kile kipimo cha kutumbukiza unywele kwenye glasi kuona kama utazama, kiache. Unywele huelea kwa sababu ya mafuta kidogo au kiputo cha hewa, na hauna lolote la kukuambia. Osha kichwa kwa shampuu bila kupaka kitu, acha kikauke, kisha pulizia maji. Yakikaa juu kwa vitone kama umande kwenye jani la gimbi, nywele zako ni ngumu kupokea. Yakinyweka papo hapo na nusu saa baadaye hakuna dalili ya unyevu, magamba yamefunguka: zinapokea haraka na kupoteza haraka. Mtu aliyepaka rangi, kubliichi au dawa karibu kila mara yuko kundi hili la pili, angalau kuanzia katikati hadi ncha. Mashina yanaweza kuwa kundi la kwanza, na hapo kichwa kimoja kinataka kondishena mbili.

Kipimo cha tatu ni cha kuvuta. Shika unywele mmoja uliolowa, uvute taratibu. Wenye afya huvutika kama theluthi ya urefu wake, ukiuachia unarudi. Ukivutika mithili ya bigijii na kukatika bila kurudi, unadai protini. Ukikatika tap bila kuvutika, unadai unyevu, na huenda tayari umelishwa protini kupita kiasi.

Usisahau maji ya bombani. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvi au magumu, na madini yake hujipanga juu ya unywele. Dalili zake ni sabuni isiyotoa povu na nywele zinazokwaruza hata zikiwa zimetoka kuoshwa. Kondishena inapakwa juu ya utando huo, unasifu utelezi bafuni, zikikauka kazi ni ile ile. Dawa yake ni shampuu yenye "disodium EDTA" au "tetrasodium EDTA" mara moja kwa mwezi, au siki nyeupe vijiko viwili vya chakula katika nusu lita ya maji, imwagwe baada ya shampuu na isuuzwe kabla ya kondishena. Ukiwa na maji ya mvua, osha nayo na uone tofauti.

Chupa na wenyewe

Nywele za singa na za mawimbi, ambazo pwani yetu ina vichwa vingi vyake, ndizo rahisi kuhudumia na ndizo zinazoharibiwa kwa ukarimu. Zinataka kondishena nyepesi ya kusuuza, kiasi cha kijiko kimoja hadi viwili vya chai, kuanzia usawa wa masikio kwenda chini. Kwenye mashina usipake. Mafuta ya ngozi yenyewe hushuka kirahisi kwenye unywele ulionyooka. Zile za supamaketi, jamii ya Pantene, Dove na TRESemmé, hapa ndipo mahali pake. Nyingi hutegemea silikoni, ambayo kwenye lebo ni "dimethicone" au "amodimethicone". Silikoni si sumu kama inavyosemwa. Hupaka unywele ngozi nyembamba, hupunguza msuguano wa chanuo na hukinga kidogo joto la pasi. Kasoro yake ni moja: anayeosha kwa shampuu laini mno, au asiyetumia shampuu kabisa, hujirundikia. Nywele zinakuwa nzito, zinang'aa kwa juu na kukataa maji. Shampuu ya kawaida yenye povu, mara moja katika kuosha mara tatu au nne, inaziondoa.

Kipilipili asilia inayokataa maji ndiyo inayosumbua zaidi dukani, maana kila kitu kilichoandikwa "kwa nywele asilia" ni kizito: siagi ya shea, mafuta ya mnyonyo, nta ya nyuki. Vyote hivyo vinakaa juu, unywele unabaki mkavu ndani na unanata nje, vumbi linashika. Mwenye nywele hizi atafute kondishena inayomiminika, yenye behentrimonium kwenye majina manne ya mwanzo, mafuta yakiwa mbali chini, na protini isiwepo au iwe moja tu. Kisha atumie joto. Kofia ya plastiki, taulo lililokamuliwa kwenye maji ya moto, dakika 15 hadi 20. Bila joto anapoteza nusu ya pesa yake.

Kipilipili iliyofunguka magamba, yaani iliyopakwa rangi au iliyochomwa sana kwa pasi na draya, inakwenda kinyume. Hiyo nzito ndiyo yake. Siagi ya shea ikikaa nafasi ya nne au ya tano kwenye lebo ni sawa, protini ndogo ndogo kama "hydrolyzed wheat protein" au "hydrolyzed keratin" zinaziba mapengo, na baada ya kusuuza inahitaji ya kuacha kichwani. Mafuta ya nazi nayo yana heshima yake hapa, na si kwa mapenzi ya pwani tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika Journal of Cosmetic Science ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini; ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa protini inayotoka kwenye unywele wakati wa kuosha, kwa kuwa huzama ndani. Yapakwe kabla ya shampuu, vijiko viwili vya chakula kwa nywele za mabegani, nusu saa au usiku kucha. 

Nywele za dawa zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu dawa ni aina mbili na zinaacha uharibifu tofauti. Ile ya kopo moja, inayotumika sana saluni, ina sodiamu haidroksaidi. Ile ya kiboksi cha nyumbani, yenye krimu na kichupa cha kuchanganyia, hutumia kalsiamu haidroksaidi na guanidini. Ya pili ni mpole zaidi kwa ngozi, lakini huacha kalsiamu kwenye unywele, na baada ya kupaka mara kadhaa nywele zinakuwa kavu na zimepauka kana kwamba umezioshea maji ya kisima. Kondishena ya bei yoyote haitazilainisha kabla kalsiamu haijatolewa kwa ile shampuu yenye EDTA. Mtu anaweza kubadilisha chupa sita akilaumu kampuni.

Siku yenyewe ya kupaka dawa, kondishena haichukui nafasi ya shampuu ya kuzima dawa. Hili kosa hufanyika hata kwa mikono ya wazoefu: dawa inasuuzwa, kondishena inapakwa, mteja anaambiwa "imelainika". Imelainika kwa sababu bado inaungua. Shampuu ya kuzima irudiwe mara mbili au tatu. Ile inayobadilika rangi, povu likiwa bado na uwaridi, endelea mpaka liwe jeupe kabisa. Hapo ndipo kondishena, dakika 5 hadi 10. Na stimingi ya protini, yaani kondishena ya kukaa nayo kwa joto, ianze wiki ya pili kama ngozi ina michubuko.

Protini, dawa inayogeuka sumu

Kampuni ya ApHogee ina chupa mbili ambazo wanunuzi huzifananisha kila siku dukani. Ile ya Two-Step Protein Treatment ni matibabu mazito, ya nywele zinazokatika waziwazi. Hupakwa kwenye nywele safi zenye unyevu, unakaa chini ya draya ya joto la wastani mpaka zinagandamana ngumu kama kofia ya ukili. Zikiwa katika hali hiyo usizichane, usizikunje, usiziguse. Zinavunjika kama tambi mbichi. Unasuuza kwa maji ya vuguvugu mengi, kisha unapaka Balancing Moisturizer yao, ambayo ndiyo hatua ya pili inayotajwa kwenye jina. Wanaonunua chupa ya kwanza na kuiacha ya pili kwa kubana matumizi ndio wanaokuja kusema ApHogee imewakata nywele. Si ya kila wiki. Wiki sita kati ya matumizi ni umbali wa kawaida. Harufu yake haipendezi, tuseme ukweli, kwa hiyo dirisha liwe wazi.

Ya pili, Keratin 2 Minute Reconstructor, ni nyepesi na dakika zake ni mbili kama jina linavyosema. Anayepaka rangi, anayetumia pasi kila wiki au mwenye nywele za dawa anaweza kuitumia mara moja katika wiki mbili au tatu. Mwenye kipilipili asilia isiyoguswa na kitu haihitaji, na akiizoea ataona nywele zinakuwa kama waya wa kusugulia sufuria. Zikifika hapo, acha protini zote, soma lebo uhakikishe hakuna neno linaloanza na "hydrolyzed", na fanya stimingi ya unyevu mara tatu au nne za kuosha mfululizo.

ORS Hair Mayonnaise, kopo lililozoeleka saluni nyingi, iko katikati. Lebo inataja mafuta ya zeituni na protini ya yai, kwa hiyo anayeitumia kila Jumamosi akidhani ni ya unyevu tupu ajue anajilisha protini pia. Kwa nywele za dawa, mara moja kwa wiki mbili ni nzuri. Jina lake limezaa balaa la watu kupaka mayonesi ya chipsi. Yai bichi, la kwenye mayonesi au la kuvunja mwenyewe, lina protini kubwa mno kuingia kwenye unywele. Linakaa juu, na maji ya kusuuza yakiwa ya moto linaiva kichwani. Kuokota chembe za yai kwenye kipilipili ni kazi ya mchana mzima. Parachichi nalo lisipochujwa kwa kitambaa huacha nyuzi zinazoonekana siku tatu.

Ya kuacha kichwani, na kipimo cha kiganja

Cantu Shea Butter Leave-In Conditioning Repair Cream, kopo la gramu 453, inapatikana karibu kila duka na imepakwa kila aina ya kichwa, nusu yake kimakosa. Ni krimu nzito. Kwa kipilipili nene iliyofunguka magamba inashika unyevu vizuri, hasa kwa kusuka mabutu na kufumua siku ya pili. Kwa unywele mwembamba ni mzigo. Kiasi ni cha punje ya harage kwa kila fungu la nywele, zikiwa bado zinadondosha maji kidogo. Kwa kichwa cha mabegani kilichogawanywa mafungu manane, hiyo ni kijiko kimoja hadi viwili vya chai hivi. Wanaochota kwa vidole vinne ndio wanaolalamika kuhusu vipele kwenye paji la uso.

Lalamiko kubwa zaidi kuhusu krimu za namna hii, za kampuni zote, ni vile vidonge vyeupe vinavyofanana na mba saa mbili baada ya kutengeneza nywele. Kondishena ina chaji chanya. Jeli nyingi zina "carbomer", yenye chaji hasi. Zikikutana zinagandana. Kabla hujazipaka kichwani, weka kiganjani kiasi cha punje ya mahindi ya kila moja, changanya kwa kidole kwa nusu dakika. Zikibaki laini, endelea. Zikikatika kama maziwa yaliyochacha, badilisha jeli, maana tatizo halimo kwenye kondishena.

Glisirini, inayoandikwa "glycerin", nayo ina tabia za mji. Kwa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, hewa ina unyevu mwingi, glisirini iliyo nafasi ya pili au ya tatu huvuta maji kutoka hewani, nywele zinavimba na mtindo unakufa kabla ya saa nne. Dodoma wakati wa kiangazi hakuna maji hewani ya kuvuta, kwa hiyo inahitaji kufunikwa na mafuta kidogo juu yake. Krimu moja inaweza kusifiwa Dodoma na kutukanwa Tanga, na wote wakawa wakweli.

Wanaosuka

Kabla ya kusuka, usiache kondishena nzito kichwani. Rasta zinateleza, msusi anakaza zaidi ili zishike, na kinachokaza kinang'oa kingo za paji la uso. Ya kusuuza inatosha, zikauke.

Zikiwa zimesukwa, kondishena nyepesi sehemu moja kwa maji sehemu nne, kwenye chupa ya kupulizia, inasaidia. Tengeneza ya siku tatu nne tu. Ukiongeza maji umepunguza nguvu ya kihifadhi, na mchanganyiko unaokaa wiki mbili juu ya dirisha la bafu ni supu ya vijidudu. Ikitoa harufu ya chachu, mwaga.

Kufumua ndiko kunakopoteza nywele nyingi, na mara zote ni kwa haraka ya kuingia kwenye maji. Pale rasta ilipoanzia hujikusanya utando mweupe wa kijivu: mafuta, vumbi, mabaki ya jeli. Maji yakiugusa unakuwa gundi, na vifundo vinavyofuata hukatwa kwa mkasi. Fumua, halafu zikiwa kavu paka kondishena nzito ya kuteleza penye utando, chambua kwa vidole, chana kwa kitana chenye meno mapana kuanzia ncha kwenda juu, fungu kwa fungu. Shampuu baadaye, kisha kondishena tena. Ule mpira wa nywele utakaoukusanya usikutishe: mtu hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku, na za wiki sita zilikuwa zimefungwa humo zikisubiri.

Kiasi, muda, na mba

Nywele fupi za kiume au za kike, mililita 10 hadi 15, yaani kijiko kimoja cha chakula kikiwa kimejaa. Kipilipili ya mabegani, 30 hadi 50. Gawa mafungu manne. Nane kama ni nyingi. Kamua maji kwanza kwa mikono, maana ukipaka kwenye nywele zinazochuruzika unaisuuza kabla haijashika. Ya kawaida, dakika mbili hadi tano. Ya stimingi, 15 hadi 30. Kulala nayo hakuongezi kitu, na unywele unaokaa na maji usiku kucha huvimba na kudhoofika.

Mba haitibiwi na kondishena. Kuvu inayohusika hula mafuta, kwa hiyo kila ukipaka nzito kwenye ngozi ya kichwa unailisha. Tumia shampuu yenye ketokonazoli, dakika tano kabla ya kusuuza, na kondishena iishie sentimita tatu kutoka kwenye ngozi.

Wanaoogelea Coco Beach au Nyali wanaweza kujikinga kwa gharama ndogo: lowanisha nywele kwa maji baridi ya bomba, paka kondishena ya bei rahisi kabisa, ndipo uingie baharini. Unywele ulioshiba maji matamu hunywa chumvi kidogo.

Dukani

Linganisha bei kwa mililita 100. Tuseme chupa ya mililita 250 ni shilingi 9,000, hiyo ni 3,600 kwa kila 100. Kopo la lita moja la 18,000 ni 1,800. Lakini kopo la lita moja la kondishena usiyoijua ni kamari. Anza na pakiti ndogo ya mara moja, kama zile za ORS, au chupa ndogo, uoshe mara tatu ndipo uhukumu. Mara ya kwanza hudanganya: karibu kila kondishena huteleza vizuri juu ya nywele zilizokauka.

Za Afrika Mashariki usizipite kwa sababu ya kopo lisilong'aa. Movit ya Kampala, au Nice & Lovely ya Kenya ambayo L'Oréal waliinunua mwaka 2013, zinasomwa kwa kanuni ile ile ya majina matano ya mwanzo, na mara nyingi hazijakaa miezi kwenye kontena la moto.

Tanzania, vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu mwaka 2019. Kenya ni KEBS. Angalia namba ya toleo na tarehe: bandia nyingi zina tarehe iliyochapwa kwenye karatasi ya lebo badala ya plastiki, herufi zilizofifia, na namba moja kwa chupa zote za rafu. Fungua kifuniko. Kondishena iliyotengana, maji juu na ute chini, imepigwa jua au imeongezwa maji; usikubali kuambiwa utikise tu. Na ile ya kupimiwa kutoka kwenye dumu usiiguse, kwani hakuna anayejua dumu lilikuwa na nini mwezi uliopita.

Ukiifikisha nyumbani, tazama ile alama ya kopo lililo wazi yenye "12M" au "24M": ni miezi ya kutumia tangu kufungua. Chota kwa kijiko kikavu, si kwa vidole vilivyolowa, na kopo lisikae bafuni penye mvuke. Chupa ikikaribia kuisha, ikate kwa kisu katikati badala ya kuisuuza kwa maji. Kilichobaki kwenye kuta zake mara nyingi kinatosha kuosha mara moja zaidi.